Udongo wa Fuko

Baba alikuja dukani kwa Radovan na kiti chake cha kukunja,
maana mapafu hayamruhusu tena kusimama,
akaketi mbele ya mifuko kama hakimu mbele ya mashahidi.
Nje, Ostrava ilikuwa na theluji ya Machi,
ile ya kijivu, isiyojua kama inakwenda au inabaki.

Mwanangu Kvido, miaka tisa, alikuwa na tangi la lita sitini
na neno moja mdomoni wiki nzima: mimea.
Samaki baadaye. Kwanza mimea.

"Huu mweusi umeokwa," Radovan akasema.
"Vipunje sawasawa, kama pilipili manga.
Unalisha mizizi, unalainisha maji."
Akataja bei kwa sauti ya daktari.
Baba akakohoa; ndicho kicheko chake siku hizi.
"Miaka thelathini na moja nimelipwa kutoa udongo chini.
Leo nilipe mimi kuurudisha?"

Kvido alishika changarawe za buluu.
"Rangi ya nini? Mizizi haina macho."

Zile nyeupe akazidondoshea siki
kutoka kichupa alichokificha ndani ya koti.
Zikatoa povu, zikachacharika.
"Chokaa. Maji yatakuwa magumu,
mimea itasimama tu kama watu kwenye foleni."

Na mchanga laini, ule wa unga?
Akauminya kiganjani, akaufungua mkono. Ulibaki umeshikana.
"Haupumui. Hewa itakwama chini yake, ioze.
Hewa iliyokwama naijua.
Ilimchukua Bedřich. Ilimchukua Oto, Jumatano."
Radovan akaanza kupanga makopo yaliyokwisha kupangwa.

Tulitoka na mfuko mmoja wa mchanga wa chenga, basi.

Kwenye uwanda nyuma ya shimo la zamani,
pale gurudumu la lifti linapopata kutu bila kuzunguka,
theluji ilikuwa imeachia, na vichuguu vya fuko vimechomoza,
vyeusi, vibichi, kumi na vitatu. Kvido alivihesabu.
Baba akapiga magoti. Sikuwa nimemwona amepiga magoti
tangu mazishi ya Oto.
"Tazama kazi ya mwenzangu. Zamu ya usiku.
Amechekecha, mawe kayaacha chini, wala hana chama cha kumtetea."
Tukajaza kopo la biskuti.
"Si wizi, Babu?"
"Kilimani kwake nimemwachia nusu."

Nyumbani akauloweka, akaukausha kwenye gazeti,
akauchunga kwa chekeche langu la unga
(nimenunua jingine).
Vidole viwili vya udongo, vitatu vya mchanga juu yake.
"Tabaka la juu ndilo paa," akasema, akikandamiza kwa upawa.
"Paa likiwa jepesi, kila kitu kinapanda. Likiwa zito, kila mtu anakufa."
Maji tuliyamimina juu ya kisahani, taratibu,
na bado yakawa kama chai ya hospitali.

Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Huu ulitaka kusubiriwa.
Siku ya kwanza chai. Siku ya pili chai.
Kvido aliacha kuliangalia tangi, akalipa mgongo wakati wa kula.
Siku ya tano niliona upande wa pili wa chumba kupitia kioo,
na kofia ya Baba ikining'inia mlangoni, imepinda kidogo.

Sasa ni Mei. Kikitokea kiputo kikubwa kutoka chini
Baba husikia kabla sijaona.
Hunyanyuka, huchukua sindano ndefu ya kufumia,
huutoboa udongo hapa, na pale, na pale,
kama anayempigapiga mtoto mgongoni acheue.

Jana Kvido alimwita kwa kunong'ona.
Kwenye kioo, chini ya mchanga, ndani ya weusi wa fuko,
mzizi mmoja mweupe, mwembamba kuliko uzi,
ulikuwa unashuka.
Baba akainama hadi pumzi yake ikafunika kioo ukungu,
akaufuta kwa mkono wa sweta,
akauambia mzizi yale tuliyoambiana
sisi watoto na baba zetu alfajiri, langoni,
lifti ikiwa bado haijafungwa:
Mungu akufanikishe.